Kuna uchovu wa kulala na kuna uchovu wa kwenda kupimwa

Habari zenu jamani, na shikamooni wakubwa zangu wote. Kabla sijaanza naomba niseme kitu kimoja, yeyote atakaechoka katikati ya maongezi yangu asione aibu, ainuke taratibu aende kule nyuma kuna magodoro ajilaze, mimi sitajisikia vibaya hata kidogo. Na wewe mama uliekaa hapo mbele umekumbatia mto tumboni nimekuona, huo mto usiuache, ukikohoa au ukitaka kuinuka ubane hivyohivyo, mimi wangu nilitembea nao wiki sita nyumba nzima.

Nimeombwa niongelee uchovu baada ya opareshini ya stoma. Kwa wale mliokuja kuwasindikiza wagonjwa wenu na bado haya maneno ni mageni, stoma ni tundu analotengeneza daktari tumboni, anavuta kipande cha utumbo kinatokeza nje kidogo ili choo kipite pale kiingie kwenye mfuko. Ikitengenezwa kwenye utumbo mpana ni kolostomi, kwenye utumbo mwembamba ni ileostomi, na ile ya kupitisha mkojo ni urostomi. Mimi nina ileostomi, nilitolewa utumbo mpana wote baada ya miaka mingi ya vidonda vilivyokua vinanitoa damu kila siku, kwahiyo mengi ntakayosema yatatokea huko, ila wa kolostomi na urostomi msiondoke, na nyie nina ya kwenu.

Sasa nianzie hapa. Siku ya 11 tangu nirudi nyumbani nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kuvaa soksi, nikavaa moja, ya pili ikabaki mkononi. Sikuwa na maumivu makubwa, kidonda kilikua kikavu, homa sina, lakini mkono haukuinuka, yani mwili ulikua kama sio wangu nimeazimwa tu na mwenyewe amekuja kuuchukua. Nikalia. Dada yangu akaingia akanikuta hivyo akaniuliza unaumwa wapi, nikamwambia siumwi popote nimechoka, akanishangaa maana nilikua nimetoka kulala masaa kumi. Na ndugu mwingine aliekuja kunisalimia siku hiyohiyo akasema mbele yangu kwamba sasa ajitahidi, akiendekeza kitanda atakizoea. Hakusema kwa ubaya, najua, lakini lile neno nilikaa nalo moyoni miezi, na nikaanza kuamini mwenyewe kwamba nimekua mvivu.

Ndio maana nimekuja leo. Nataka mtu yeyote aliefanyiwa hii opareshini ajue kwamba uchovu wake sio kitu kimoja. Ziko chovu tofauti zimekaa mwilini mwake kwa pamoja, na zinafanana sura, lakini nyingine dawa yake ni kulala na kusubiri, na nyingine ukizilalia zinakupeleka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Shida yetu wengi tunazichanganya, ile ya kulala tunajilazimisha kuinuka nayo, na ile ya kwenda kupimwa tunajifunika shuka tunasema itapita.

Tuanze na ile ya kawaida. Watu wanadhani uchovu unatokana na nusu kaputi, utasikia mtu ana mwezi wa pili anaambiwa bado dawa ya usingizi haijaisha mwilini. Hapana jamani, dawa ya usingizi sehemu kubwa inatoka ndani ya siku moja mbili. Kinachokuchosha ni kazi. Mwili uko kazini usiku na mchana, unaunga kidonda cha nje unachokiona na vidonda vya ndani usivyoviona, unashona kuta za tumbo, unapambana na vijidudu, na kazi yote hiyo inahitaji protini, na wakati huo wewe huli vizuri, kwahiyo mwili unaenda kuchukua protini kwenye misuli yako. Hapo ongeza zile siku za kulala kitandani wodini. Kuna utafiti ulifanywa kwa wazee wenye afya zao kabisa, wakalazwa tu siku 10 bila ugonjwa wowote, na wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuchanwa tumbo, hawakukaa na njaa, hawakuvuja damu. Sasa wewe uliepitia yote hayo ukishindwa kupanda ngazi unajilaumu nini?

Na hapa kuna kitu kinawachanganya sana watu. Daktari anakuambia wiki 6 mpaka 8. Unahesabu, wiki ya nane inafika, unasubiri uamke mzima na hauamki mzima, unaanza kudhani kuna kitu kimeharibika. Zile wiki 6 mpaka 8 ni za kidonda na kuta za tumbo kuanza kushika, ndio maana unakatazwa kubeba vitu vizito kwa muda huo, maana pembeni ya stoma ukuta umedhoofika na ngiri inapenda kutokea pale. Nguvu za mwili zina kalenda yao nyingine. Wengi wanaanza kujisikia watu kwenye mwezi wa tatu wa nne, na wengine inachukua mwaka, hasa alieingia chumba cha opareshini akiwa tayari amekonda na ameugua muda mrefu, au alieingizwa kwa dharura usiku bila maandalizi. Mimi wangu ulikua mwezi wa tano ndo nikagundua nimepika huku nimesimama mwanzo mpaka mwisho bila kutafuta kiti, na sikugundua siku hiyo, niligundua kesho yake.

Kwa uchovu huu wa aina ya kwanza nina mambo machache niliyoyalipia gharama kuyajua.

La kwanza siku nzuri zinadanganya. Wiki ya tano niliamka mwepesi, jua limetoka, nikasema leo nimepona, nikafua mapazia, nikapanga kabati, nikapokea wageni, jioni nikajiona shujaa. Siku tatu zilizofuata sikuweza hata kushika simu. Nguvu wakati huu ni kama pesa ya mkopo, unaitumia leo unairudisha kesho na riba juu. Kwahiyo siku ukijisikia vizuri fanya nusu ya unachotaka kufanya, acha nusu nyingine ibaki, ata kama inakuuma kuona vyombo vimelala. Na siku mbaya vilevile usilale tu moja kwa moja, inuka utembee mpaka mlangoni na kurudi, mara nne tano kwa siku, maana miguu isipotembea inazidi kuisha na damu inaweza kuganda kwenye mishipa. Leo mpaka mlangoni, wiki ijayo mpaka getini, unaongeza kidogokidogo tu ila unaongeza kila wiki.

La pili ni daftari. Hili nililipata kwa nesi wa stoma, mama mmoja mtu mzima, aliniambia mwanangu andika, kwa wiki mbili andika umelala saa ngapi, umeamka mara ngapi, umekula nini, mfuko umemwaga mara ngapi, na saa gani ulichoka mpaka ukataka kulia. Nikaandika. Na daftari likanionyesha kitu nisingekiona kamwe, kwamba siku zangu mbaya zote ni zile siku za kubadilisha mfuko. Nilikua nabadilisha mchana baada ya kula, nimesimama bafuni, stoma inatoa kila nikiifuta inatoa tena, ngozi hairuhusu gundi kushika, nasafisha upya, nakausha upya, dakika 40 nimesimama na tumbo limebana kwa woga, nikitoka hapo siku imeisha. Nikabadilisha staili. Nabadilisha alfajiri kabla sijatia kitu mdomoni maana stoma inakua imetulia, nimekaa kwenye stuli, vitu vyote nimevikata na kuvipanga usiku kwenye kikapu. Dakika 10. Nimeokoa nguvu za nusu siku kwa stuli na kikapu. Na kuoga pia kaa chini, mtu asikudanganye kwamba kukaa ni ugonjwa.

Kula nitasema kwa kifupi kwa sababu kila mtu ataelekezwa vyake. Protini kila mlo, mayai, samaki, kuku, maziwa kama yanakukubali, na wataalamu wa lishe baada ya opareshini kubwa huwa wanataka gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito, kwahiyo mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 72 mpaka 90 kwa siku, wakati yai moja lina kama gramu 6 tu, piga hesabu uone tulivyokua tunajidanganya na supu nyepesi. Kula kidogo mara nyingi, mara tano sita. Wa ileostomi tafuna sana sana, na vitu vya nyuzinyuzi ngumu subiri uruhusiwe maana vinaziba.

Sasa usingizi. Nilisema nililala masaa kumi lakini kwenye daftari ikaonekana sikulala masaa kumi, nililala vipande vitano vya masaa mawili mawili. Mfuko unajaa hewa unaamka, unaota umevuja unaamka unapapasa shuka, unaamka kuumwaga, unageuka unaamka kwa sababu mshono unavuta. Huo sio usingizi wa kujenga mwili. Kilichonisaidia ni chakula cha jioni kukila mapema, saa kumi na mbili au saa moja kasoro, na kupunguza vinywaji vingi karibu na kulala nikavinywa mchana, kumwaga mfuko dakika ya mwisho kabla ya kitanda ata kama haujafika theluthi, na kutandika plastiki na taulo chini ya shuka. Hiyo plastiki ndio dawa kubwa, maana woga wa kuchafua godoro ndio uliokua unaniamsha kuliko mfuko wenyewe. Wenye urostomi mnaweza kuunganisha mfuko wenu na mfuko mkubwa wa usiku unaoning'inia pembeni ya kitanda ukalala moja kwa moja, kama hujaonyeshwa namna ya kuunganisha uliza. Mchana lala, usione haya, lakini weka alamu, nusu saa mpaka saa moja na isivuke saa tisa alasiri, ukilala mpaka magharibi usiku umeuharibu mwenyewe.

Haya, huo ndio uchovu wa kulala. Sasa naingia kwenye ule mwingine na hapa naomba mnisikilize kwa makini sana ata kama utasahau yote ya nyuma.

Mwezi wa pili nilianza kuchoka upya. Nilikua nimeanza kupanda, alafu nikaanza kushuka. Nikisimama macho yanaingia giza, usiku miguu inakaza misuli naamka napiga kelele, mdomo mkavu, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nikaenda kituo kimoja cha afya nikaambiwa ni mawazo, nipumzike ninywe maji kwa wingi. Nikanywa. Lita nne kwa siku maji safi. Na kadiri nilivyokunywa ndivyo mfuko ulivyojaa, namwaga kila saa, na kadiri ulivyojaa ndivyo nilivyozidi kunywa maana nina kiu ya ajabu. Siku ya nne dada yangu akampigia simu yule mama nesi, simu ikaletwa sikioni mwangu nimelala.

Akaniuliza, mwanangu unakunywa nini?

Maji mama.

Maji yenye nini?

Maji tu mama, matupu, lita nne.

Na mkojo umekojoa mara ngapi leo?

Nikafikiria. Mara moja, asubuhi, kidogo, rangi ya chai.

Akasema usinywe tena hayo maji matupu, vaa nguo uje hospitali sahivi hivi. Nikafika, wakapima, sodiamu, yani chumvi ya kwenye damu, imeshuka, figo zimeanza kulalamika, nikawekewa dripu nikalazwa siku nne. Kwa nilivyoelezwa baadae, ningeendelea hivyo figo zingeweza kuharibika.

Ntaeleza kwa nini maana ukijua sababu hutasahau. Utumbo mpana ambao mimi sina, kazi yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi. Kila siku unapokea kama lita moja na nusu ya majimaji kutoka utumbo mwembamba na unarudisha karibu yote mwilini, kwenye choo yanabaki kama mililita 100 tu. Mtu wa ileostomi hana hicho kituo cha kurudisha, kinachofika mwisho kinatoka. Mwanzoni inaweza kutoka lita moja na zaidi kwa siku, ikikaa sawa baada ya wiki kadhaa inashuka ikawa kama mililita 500 mpaka 800, na majimaji hayo yana chumvi nyingi, lita moja inabeba karibu kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Sasa unapokunywa maji matupu mengi, utumbo mwembamba haupendi maji yasiyo na chumvi, unavuta chumvi kutoka kwenye damu yako kwenda kuyachanganya, alafu yote yanatoka kwenye mfuko pamoja. Yani unakunywa maji na yanakukausha. Mtu yeyote asie na stoma atakuambia kunywa maji, na kwake ni kweli, kwako wewe wa ileostomi inayotoa sana sio kweli.

Kinachoingia vizuri ni maji yenye chumvi na sukari kwa pamoja, kwa sababu kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao chumvi na glukosi vinaingia vimeshikana mikono na maji yanafuata nyuma yao. Ndio siri ya ORS, ile dawa ya unga ya pakiti anayochanganyiwa na maji mtu anaeharisha. Ile pakiti unaichanganya kwa kipimo kilichoandikwa, usiongeze maji. Huna pakiti, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe bapa visijazwe mlima, sukari usiipunguze kwa sababu inafanya kazi na usiizidishe maana sukari nyingi inaharisha. Unakunywa kidogokidogo siku nzima. Stoma ikitoa sana madaktari mara nyingi wanataka mchanganyiko wenye chumvi zaidi ya huo na wengine wanakuwekea kikomo cha maji matupu kwa siku, na dawa ya kupunguza kasi ya utumbo kabla ya kula, kwahiyo uliza kipimo chako, na mwenye presha, moyo au figo asijianzie mwenyewe chumvi. Wa kolostomi hii habari ya chumvi haiwahusu sana, utumbo mpana wenu bado upo au sehemu yake kubwa ipo, nyie maji kunyweni ya kutosha maana adui yenu ni choo kigumu.

Pima kinachotoka. Chukua jagi lenye alama, liwe la kazi hiyo tu, mwaga humo kwa siku nzima uandike. Ikipita lita moja na nusu kwa siku piga simu, usisubiri kliniki. Mkojo mdogo wa rangi nzito, kizunguzungu ukisimama, misuli kukaza, kiu isiyoisha, hayo yakija pamoja na uchovu basi huo sio wa kulala.

Uchovu mwingine wa kupimwa ni damu. Wengi wetu tuliingia opareshini damu iko chini tayari, kwa vidonda, kwa saratani, alafu tukapoteza nyingine mezani. Chembe nyekundu ya damu inaishi kama siku 120, na mwili kuzitengeneza upya unahitaji madini ya chuma na muda, kwahiyo ata ukianza tiba leo usitegemee wiki ijayo. Omba kipimo cha wingi wa damu na kipimo cha akiba ya madini ya chuma, vyote viwili. Na vidonge vyako vichunguze, vile vilivyopakwa ganda la kuyeyuka polepole kwa mtu wa ileostomi vinaweza kupita vizima, mimi kidonge changu nilikikuta kwenye mfuko kizima vilevile na maandishi yake, nikakipiga picha nikaenda nacho kwa daktari, akabadilisha ikawa ya kuchoma kwenye mshipa. Kama ulikatwa pia mwisho wa utumbo mwembamba kuna vitamini B12, inaingilia mwilini pale tu, ini linaweka akiba ya miaka kwahiyo hutaona kitu mapema, upungufu wake unakuja kukuchosha na kukutia ganzi miguu baada ya muda mrefu wakati umeshasahau habari za opareshini, hivyo ulizia ratiba ya kupimwa na sindano.

Na nyie mliokua mnatumia prednisolone au steroidi nyingine, zile dawa kali za kutuliza uvimbe wa utumbo, kabla ya opareshini. Mkiitumia zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zilizokaa juu ya figo zinalala, zinaacha kutengeneza homoni zake zenyewe. Ukiacha dawa ghafla kwa sababu umeambiwa utumbo mbovu umeshatolewa, unaweza kuchoka mpaka kuzimia, kutapika, presha kushuka, na mtu anaweza kufa. Hizo zinapunguzwa kwa ngazi, na daktari ndie anaepanga ngazi.

Wa urostomi, uchovu wa ghafla na homa au mkojo wenye harufu kali tofauti na kawaida fikiria maambukizi ya mkojo, na kwa mzee anaweza asiwe na homa kabisa, anaanza tu kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa, muwahisheni. Alie kwenye dawa za saratani za dripu au mionzi, uchovu wa dawa unakuja juu ya uchovu wa kisu, kwahiyo msimlinganishe na jirani yenu wa wodini ambae hana dawa hizo.

Na kuna ya kukimbilia hospitali usiku huohuo bila kusubiri asubuhi. Ileostomi haijatoa kitu masaa manne sita, tumbo linakata na unatapika. Stoma imebadilika rangi ikawa zambarau nzito au nyeusi. Homa na baridi. Mguu mmoja umevimba unauma, au pumzi inakata ghafla.

Kuna uchovu wa moyo, na huu sikutaka kuuongelea lakini nimeona sitawatendea haki. Miezi miwili ya kwanza sikuiangalia stoma yangu, nilikua naifunika na karatasi nabadilisha kwa kupapasa. Nililala nikiwa nimempa mume wangu mgongo. Nikiamka najisikia mzito kabla sijafanya chochote, chakula hakina ladha, simu za watu sipokei. Nilijua ni mwili. Kumbe sehemu kubwa ilikua msiba, nilikua naomboleza tumbo langu la zamani na sikumwambia mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilificha ata kwa daktari, nikiulizwa unaendeleaje nasema naendelea vizuri. Siku niliyosema kweli nilipelekwa kwa mshauri, nikakaa nae mara sita, na nguvu zikarudi ambazo hakuna dripu ingeweza kuzirudisha. Ukiona wiki mbili zimepita kila siku huzuni, hutaki kitu ulichokua unakipenda, au unafikiria bora usiwepo, huo nao ni uchovu wa kwenda kupimwa, useme kwa jina lake, na ile ya mwisho useme siku hiyohiyo.

Ndugu na waangalizi, yenu mawili. Msiulize umepona? Ulizeni leo nikushikie nini, alafu mshike kweli, mtu akichota maji au akiosha vyombo amenipa nguvu za saa nzima. Na wageni wapunguzwe muda. Mume wangu alisimama mlangoni akawa anasema kwa upole, karibuni sana, dakika 15 atapumzika, na akasimamia, wengine walinuna ila mimi nilipona kwa zile dakika. Mwenye wagonjwa wawili nyumbani nae achukue zamu ya kulala, mwangalizi akidondoka mgonjwa anarudi mwanzo.

Kazini, kama inawezekana rudi kwa nusu siku kwanza, na mweleze mkuu wako kwamba utahitaji choo cha karibu na sehemu ya kukaa. Mimi nilirudi wiki ya 12 siku nzima kwa wiki nzima kwa kuona haya kuomba, nikaishia kulazwa kitandani wiki iliyofuata, nikaomba nusu siku nikiwa nimeshaharibu, mngeniuliza ningewaambia ombeni kabla.

Nimeona saa. Daftari ziko pale mezani pamoja na majagi yenye alama, kila mmoja achukue, na manesi wa stoma wamekaa upande wa kulia kwa wenye maswali ya mtu mmoja mmoja, wenye ileostomi iliyo chini ya miezi mitatu naomba muanze nyie. Mama wa mto, nimekuona macho yanafumba, usisubiri foleni, nenda godoroni ulale na nesi atakuja hukohuko. Ila kabla hujalala tuambie, leo umekojoa mara ngapi?